Mtani Aliyesafiri na Uso Wangu

Picha ya pasipoti yangu ya kwanza ilikuwa mbaya, na nusu ya ubaya ule niliuleta mwenyewe. Siku ya kupigwa nilivaa shati jeusi, nikaketi nimeinamisha kichwa, maana aliyeshika kamera alikuwa mgeni, na mimi siwezi kumtazama mgeni machoni. Taa nayo ilikuwa hafifu. Ilipotoka, uso wangu ulikuwa doa jeusi lenye masikio. Macho hayakuonekana. Hata kovu lililo juu ya jicho langu la kushoto, nililolipata utotoni kwa ndoana ya baba, halikuonekana.

Nyumbani Quitunda, kaskazini mwa Msumbiji, picha ile ilizunguka mkeka mzima. Mama alisema nimefanana na marehemu baba yake. Bibi, ambaye macho yake yamefifia, aliishika juu chini akasema mashaallah. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ndiye aliyekaa nayo muda mrefu kuliko wote.

"Mtani," akasema, "picha hii hata mbuzi wa jirani angevuka nayo mpaka wa Namoto."

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Anaingia jikoni kwenu anafunua sufuria, anachukua kipande cha samaki anachokitaka. Anavaa kandambili zako anaondoka nazo. Akikuta shati limeanikwa, ni lake. Ukikasirika, mwenye aibu ni wewe. Nawe unaruhusiwa kumfanyia vivyo hivyo, hiyo ndiyo haki ya utani. Lakini utani unataka mdomo, na mimi sikupewa. Kwa hiyo tangu utotoni kwetu wawili ulikwenda upande mmoja tu. Yeye alichukua, mimi nilichukuliwa.

Pasipoti ile niliitafuta kwa sababu moja. Dada yangu ameolewa Mtwara, na mumewe ni fundi wa injini za boti. Shemeji alinitumia maneno: njoo nikufundishe kazi miaka miwili, lakini njoo na pasipoti kamili, siyo kikaratasi cha kuvukia cha siku chache. Mimi nilisoma darasa la saba nikaishia hapo. Tulipohamishwa kutoka pwani kupisha mradi wa gesi tulipewa nyumba ya tofali na shamba, na pwani ikawa mbali. Sikuwa mvuvi tena, na ukulima sikuujua. Pasipoti ile ndiyo mlango pekee niliokuwa nao.

Niliiweka kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Siku sita kabla ya safari niliufungua mkebe nikakuta kadi yangu ya chanjo tu. Binamu naye hakuonekana siku mbili. Siku ya tatu ikaingia sauti yake kwenye simu, nyuma yake kelele za stendi.

"Mtani, nimevuka! Askari ameitazama picha, amenitazama mimi, akaitazama tena picha, akagonga muhuri. Nilikwambia hata mbuzi. Basi mbuzi ndiye mimi."

Nikaenda kwa shangazi kushitaki. Alikuwa anachambua mchele pamoja na wanawake wawili wa nyumba ya pili.

"Shangazi, pasipoti yangu imechukuliwa."

"Na nani?"

"Na mwanao."

Hakuinua kichwa. "Mtani haibi, mwanangu. Mtani anachukua. Ungekuwa na akili ungekwenda na wewe ukamchukulia baiskeli yake."

"Baiskeli yake haina matairi, shangazi."

"Na hilo nalo kosa lake?"

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga ungo. Niliondoka masikio yanawaka.

Hata hivyo nilikwenda Namoto. Nilibeba kitambulisho changu na begi la nguo, nikifikiri nitaomba kikaratasi cha kuvukia, nifike, mengine niyatafutie dawa hukohuko. Ofisa wa uhamiaji aliliandika jina langu kwenye kompyuta, akasubiri, akakunja uso.

"Kijana, wewe umeshatoka."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka Msumbiji. Umevuka mto wiki iliyopita. Uko Tanzania."

"Lakini mimi niko hapa, mkubwa."

"Naona. Lakini humu hupo." Aligonga kioo kwa kidole, akanirudishia kitambulisho. "Nenda kaeleze tatizo lako kwa wahusika."

Kueleza ndiko kunakonishinda. Niliketi juu ya begi langu mpaka lilipopatikana gari la kurudi. Mwezi uliofuata dada alipiga simu, akasema mumewe amesubiri sana na amemchukua kijana mwingine. Alisema taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

Binamu alirudi siku ya Idi ya mwaka uliofuata. Alikuwa amepata kazi Zanzibar, kwenye boti zinazopeleka watalii kuzamia, na kazi ile aliipata kwa jina langu. Alikuja na miwani myeusi na viatu vyeupe. Mbele ya watu waliokuja kusalimia alinirushia fulana, kisha akaniwekea mkono begani.

"Jamani, huyu msimwite jina lake. Jina lake ninalo mimi, liko Zanzibar linafanya kazi. Hapa pamebaki ganda. Hata nikifa kule, matanga yatakuwa yake!"

Walicheka wote. Mama yangu pia alicheka, na hilo sijalisahau.

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Nipe pasipoti yangu."

Akapiga mfuko wa suruali. "Hii hapa. Ichukue. Mtani hakatazwi."

Niliupeleka mkono. Aliudaka, akakishika kidole gumba, akakisokota taratibu mpaka nikapiga goti kwenye mchanga. Alikuwa anacheka wakati wote. Watoto wa jirani walipanda juu ya matofali ili waone vizuri. Alipokiachia aliniinua, akanifuta mchanga gotini kama mtu anayemfuta mtoto, akaenda kula.

Pale nikaacha kuitaka ile pasipoti. Nilianza kutaka kitu kingine.

Habari za pasipoti mpya nilizipata kwa mwalimu wangu wa zamani. Alirudi kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na yake akatuonyesha. Alisema hizi haziibiki. Ukurasa wa picha ni mgumu kama kadi ya benki, na picha haijabandikwa, imechomwa ndani. Pembeni kuna picha nyingine ndogo ya sura ileile, hafifu kama kivuli. Ukiuinamisha ukurasa, rangi inageuka. Na ndani kumefichwa kidude kidogo kilichobeba uso wa mtu na alama za vidole vyake.

"Akiichukua mwingine?" niliuliza. Mwalimu alinishangaa, maana darasani sikuwahi kuuliza.

"Akiichukua mwingine, amejibebea kesi yake mfukoni."

Maneno yale nilitembea nayo kama mtu aliyepewa silaha.

Nilikwenda Pemba na gari la mizigo, ndani ya msafara uliolindwa na askari kwa sababu ya waasi, nikafikia kwa ndugu wa mama. Kwenye ofisi nilipewa fomu. Mahali pa pasipoti ya zamani palikuwa na visanduku viwili: imepotea, imeibwa. Niliuliza tofauti yake.

"Ukisema imepotea, tunaifuta tu," alisema mama aliyekuwa dirishani. "Ukisema imeibwa, tunaifuta, na atakayeitoa mpakani atazuiwa. Iliibwa?"

Nilimkumbuka shangazi na ungo wake. Mtani haibi. Mimi huandika polepole, kila herufi naifikiria, lakini alama ile niliiweka upesi.

"Aliyeiba unamjua?"

"Ataileta mwenyewe," nilisema.

Kisha nikaitwa kwenye kiti cha picha. Kamera ya sasa haishikwi na mtu. Imesimama kwenye mguu wake, na inajua inachotaka. Nilivua kofia. Niliambiwa nionyeshe masikio, nifunge mdomo, nisicheke. Mashine ikanikataa. Mara ya pili ikanikataa. Kwenye kioo kulitokea mstari mwekundu mahali pa macho yangu.

"Levanta a cara," alisema yule mpiga picha, msichana wa rika langu. Inua uso. Niliinua kidevu, macho yakabaki chini. Ikakataa mara ya tatu. Nyuma yangu foleni ilianza kuguna.

"Kaka, mashine inataka macho. Haing'ati."

Basi nilimtafuta binamu. Nilimweka pale penye kioo cha kamera, na miwani yake, anakisokota kidole changu watoto wakiwa juu ya matofali. Nikamtazama. Mashine ikalia mara moja, ikakubali.

"Eh! Kumbe unayo!" Msichana alikigeuza kioo nijione. "Nani kakuudhi hivyo?"

Sikuwa nimewahi kujiona vile. Kovu lilikuwepo, jeupe, na mashimo mawili ya ndoana yakihesabika. Vinyweleo vya nyusi vilionekana kimoja kimoja. Na macho yalikuwa yanamtazama mtu fulani kwa ubaya. Nikaweka vidole vyote kumi, mkono mmoja kisha mwingine. Nilitoka nje najisikia mrefu.

Pasipoti mpya ilipokuwa tayari niliifuata, nikarudi nayo nyumbani bila kumwambia mtu. Niliificha ndani ya gunia la mbegu za karanga. Nilipobaki peke yangu niliitoa, nikauinamisha ule ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, rangi zikapita juu ya uso wangu. Sikuwa nawaza Mtwara. Nilikuwa nawaza Namoto.

Haikuchukua muda. Shangazi alitangaza kwamba mwanawe anaoa. Mchumba ni msichana wa kijiji cha Olumbi, binti wa mtu mwenye mashamba ya minazi. Bwana harusi angevuka Alhamisi, ndoa ingefungwa Ijumaa baada ya sala. Na kwa kuwa mtani ndiye humpokea bwana harusi, humbebea mzigo, humtania njiani na kumzuia mlangoni mpaka atoe zawadi, shangazi alinituma mimi.

"Mpigie simu, umwambie asichelewe," alisema.

Yule msichana wa Olumbi hakuwa amenikosea lolote. Nililifikiria hilo, sitasema sikulifikiria. Simu ilikuwa mkononi na salio lilikuwemo. Neno moja lingetosha: usiitumie, imefutwa. Nilimpigia.

"Usichelewe," nilimwambia.

"Siku hizi unaniamrisha?" akacheka. "Sawa, mkubwa."

Alhamisi nilifika Namoto mapema, pasipoti mpya ikiwa ndani ya shati. Alivuka saa nne. Alishuka kwenye mtumbwi na masanduku mawili, feni, na zulia lililoviringishwa. Aliponiona alitupa mikono juu.

"Mtani! Umekuja kunibebea? Leo nimepata mtumwa wa bure!"

Alinikumbatia. Alinukia marashi. Nikabeba lile zulia mpaka kibarazani pa ofisi, yeye akaingia ndani. Dirisha lilikuwa wazi na mimi nilisimama palepale.

Ofisa aliiweka pasipoti kwenye mashine. Akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka tena. Alimtazama binamu, akamwambia akae.

"Jina lako?"

Alilitaja langu, na la baba yangu, na mwaka niliozaliwa, bila kukwama. Sikuwahi kulisikia jina langu likitamkwa vizuri namna ile.

"Weka kidole hapa."

Aliweka. Kijitaa kikawa chekundu.

"Kingine."

Chekundu. "Vidole vyangu vimelika na kamba, bosi," alisema binamu. "Sisi watu wa boti."

Ofisa hakucheka. Aliibonyeza kompyuta, akakitazama kioo kwa muda, halafu akakigeuza kidogo, nami nikauona uso wangu umejaa pale, kovu na macho yote, nikimtazama bwana harusi. Binamu naye aliuona. Akageuka dirishani.

"Mtani, hebu njoo uwaambie."

Niliingia. Nilitoa pasipoti yangu ndani ya shati nikaiweka mezani, nikaweka kidole bila kuombwa. Kijitaa kikawa kijani. Kilifanya mlio mdogo, kama wa kifaranga.

"Huyu unamjua?" ofisa aliniuliza.

"Mwambie ni utani, bwana," alisema binamu. "Huyu mtoto wa mjomba wangu. Kwetu huu ni utani tu."

"Namjua," nilisema. "Ni mtoto wa shangazi yangu. Jina alilolitaja ni langu."

"Ulimpa ruhusa?"

"Hapana."

Binamu bado alikuwa anacheka. "Basi mtani, yatosha! Umeshinda, nimekubali, leo umeniweza!"

Nikakiona kicheko kinavyomtoka. Kilianza mdomoni, kikashuka mashavuni, machoni ndiko kilikochelewa kutoka. Nilikitazama kama mwenye njaa anavyotazama sufuria ikifunuliwa. Alipoelewa kwamba sitacheka naye alisema kwa sauti nyingine kabisa, "Kesho naoa."

"Utani uko nyumbani," nilimjibu. "Hapa ni serikalini."

Walimpeleka chumba cha nyuma. Nilipanda gari na masanduku yake, feni na zulia, nikavifikisha vyote salama. Sikutaka aseme nimechukua kitu.

Usiku ule hakuna aliyelala kwa shangazi, lakini mimi nililala. Ijumaa wageni wa Olumbi walikuwa wameshafika na pilau limeshapikwa, hivyo wakubwa wakakaa kutafuta njia. Shehe alisema ndoa haihitaji mwili wa bwana harusi. Akimteua wakala wa kumkubalia, na ikasikika kwa sauti yake mwenyewe, inatosha. Mjomba mmoja alimpigia ofisa wa Namoto, akambembeleza, mpaka binamu akapewa simu. Waliiweka simu kwenye spika, watu wote wakasogea.

"Wakala wako nani?" aliuliza shehe.

Kulikuwa na mkwaruzo, halafu sauti yake ikaja. "Mtani wangu."

Nilikuwa upande wa jikoni nimeshika kuni. Vichwa vyote viligeuka. Shangazi alikuja mpaka nilipo, akanishika mikono yote miwili, kuni zikaanguka.

"Mwanangu, amekaa na jina lako miaka miwili, ni kweli. Wewe kaa na lake dakika tano tu. Useme nimekubali, basi."

"Hapana, shangazi."

"Anakuomba mbele za watu!"

"Nimesikia."

Bibi akauliza kutoka mkekani, "Hivi wewe, huu ni utani au ni uadui?"

Watu walingoja. Nilijua ninachotakiwa kujibu. Ningejibu hivyo, kila kitu kingerudi mahali pake, yeye achukue na mimi nichukuliwe, na pilau liliwe.

"Ni uadui, bibi," nilisema.

Simu ilikuwa bado iko wazi. Tulimsikia akivuta pumzi, halafu ikakatika. Mjomba alisema yeye yuko tayari kuwa wakala, lakini baba wa bibi harusi alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake. Alisema hamwozi mwanawe kwa mtu anayejibu kutoka mahabusu kwa jina lisilojulikana ni la nani. Wakaondoka na magari yao mawili. Bibi harusi alipita karibu yangu amejifunika, mikono imejaa hina. Yeye nilimwonea huruma. Yeye peke yake.

Mama alinikataza kulala nyumbani siku ile. Sikubishana. Jumatatu nilivuka Namoto. Shemeji alipoona pasipoti yangu alisema kijana mwingine yupo, lakini kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta inamzidi mtu mmoja. Sasa nafungua kabureta peke yangu, na injini ndogo namaliza bila kuuliza. Mikono inanuka petroli hata Ijumaa.

Binamu alitolewa baada ya wiki kadhaa. Kesi yake inaendelea Palma, na mpaka iishe hapewi pasipoti, ya zamani wala mpya. Kazi ya Zanzibar imekwenda. Nasikia analima mihogo kwenye shamba letu na watoto wanamtania. Msichana wa Olumbi ameolewa Mocímboa.

Mama huniambia kwenye simu nirudi, tukae, tusameheane, utani hauna mahakama. Huwa nasema nitaona. Binamu yeye huandika. Mwanzo alitukana, baadaye akawa anatuma salamu za Ijumaa, na siku hizi anaandika neno moja tu, nisamehe mtani, kila baada ya siku chache. Nikimaliza kazi nanawa mikono, nafungua ujumbe wake na kuusoma wote mpaka mwisho, ili kwake zitokee zile alama mbili za buluu ajue kwamba nimesoma. Kisha naweka simu chini, naenda kula.